Sanduku Lililoandikwa Vitambaa vya Pamba

Kazi yangu ni kufokea watu. Cheo nilichopewa ni kingine, kirefu, cha Kireno, lakini ukipita ofisini kwetu asubuhi utasikia mwenyewe ninachofanya. "Usiniandikie bidhaa mbalimbali! Mbalimbali ndiyo nini? Inaliwa au inavaliwa?" Ofisi yenyewe iko Palma, Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na feni inayozunguka ikijisikia. Tunawajazia watu taarifa za mizigo yao inayokuja kwa kontena.

Zamani meli ilifika, mzigo ukashushwa, ndipo watu wakaanza kubishana juu ya kilichomo. Siku hizi ubishi wote unafanywa kabla. Kontena lingali huko lilikotoka, halijapanda hata melini, nasi huku tunatakiwa tuwe tumeshatuma kwenye mfumo kila kitu: nani anatuma, nani anapokea, vifurushi vingapi, kilo ngapi, na ndani mna nini, kimoja kimoja. Mfumo ukiridhika unatoa namba, na namba hiyo inaandikwa kwenye hati ya meli. Bila namba mzigo haupakiwi, hata ulie machozi ya damu. Meli ikifika, kontena linapitishwa kwenye mashine ya kupiga picha, na picha inalinganishwa na ulichoandika. Visipofanana, unaitwa.

Na mashine haitaki maneno ya jumlajumla. Ukiandika "zawadi" inakataa. Ukiandika "mali binafsi" inakataa. Inataka kitu kitajwe kwa jina lake na kazi yake.

Kwa hilo tu sina ugomvi. Sisi wa pwani hii tumekimbia na watoto mgongoni, tumelala porini, tumerudi tukakuta nyumba hazina paa. Asije mtu kuniambia mimi kwamba haidhuru kitu kuingia nchini bila kujulikana. Nimewafokea wafanyabiashara wanene kuliko mlango wa ofisi kwa ajili ya katoni moja ya betri waliyoisahau, na sijutii. Hasira yangu ni ya jambo jingine, na nikiisema itabidi nijitaje na mimi.

Binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa. Anafundisha watoto wadogo kijiji cha Quitunda, kila asubuhi anapanda pikipiki na madaftari kwapani, na jioni anarudi sauti imemkauka kwa kuimba. Bwana harusi ni kijana wa hapa hapa, nyumba ya tatu kutoka tulikokuwa tukikaa zamani, anauza vipuri vya magari Uarabuni. Mama yake alimfuata huko baada ya nyumba yake kuchomwa. Tulikubaliana kwamba harusi iwe kwetu Palma, kijana aje kwa likizo yake, na vyombo vya nyumba vitangulie kwa kontena la kuchangia na wafanyabiashara. Kitanda, kabati, godoro, masufuria. Na sanduku.

Kwetu sanduku la bibi harusi halina mchezo. Upande wa mwanamume ndio unaolileta. Mama wa bwana harusi hulipanga kwa mkono wake, hulifunga kwa shuka nyeupe, na tangu hapo hakuna anayejua kilichomo ila yeye. Siku yenyewe linabebwa na wanawake, linafunguliwa na wanawake, ndani, milango imefungwa, na kila kitu kinachotoka kinapigiwa vigelegele. Mwanamume hakioni. Na mtu wa mwisho kabisa anayeruhusiwa kuuliza mna nini ni mama wa bibi harusi. Akiuliza, anapima. Anataka kujua mwanawe kathaminiwa kiasi gani. Kuna mwanamke mmoja wa mtaa wetu aliuliza, mimi nikiwa sijavunja ungo, na mpaka leo mjukuu wake akichumbiwa watu wanatazamana.

Orodha ya mizigo ililetwa na kijana mwenyewe kwa simu. Kijana hodari. Kila kitu kina picha, kina kilo, kina kipimo. Nikaona raha, nikasema laiti wateja wangu wote wangekuwa wakwe zangu. Mwisho wa orodha akaandika: "Sanduku moja la mbao, kilo arobaini na mbili. Hilo la Mama." Hakuongeza neno. Angeongeza nini? Mwanamume haulizi sanduku, na mkwe hamwandikii mama mkwe habari za ndani yake.

Mwisho wa kutuma taarifa ulikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Nikajaza vyote, kitanda, kabati, godoro, masufuria kumi na mawili ya alumini na vifuniko vyake. Nikabaki na mstari mmoja. Nikaandika "zawadi za harusi", nikijua fika jibu nitakalopata, na nikalipata. Nikaandika "mavazi na vitu binafsi". Mstari mwekundu.

Nikampigia simu mama wa kijana. Nilitoka nje kabisa, nikasimama nyuma ya ofisi penye kivuli, nikajikohoza.

"Hamjambo huko, mkwe wangu?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Na nyie?"

"Sisi wazima. Goti lako vipi?"

"Lina afadhali. Mvua zishanyesha?"

Tuliongea mvua. Tuliongea goti, tukaongea muhogo wa Nhica ulivyopanda bei, tukaongea nani kajifungua na nani kahama. Nusu saa nzima. Kisha nikasema, kwa sauti ya mtu asiyejali:

"Na mizigo imefungwa yote?"

"Yote, mkwe wangu. Lile sanduku nimelifunga kwa mikono yangu mwenyewe."

"Mungu akulipe."

Nilimsikia akipumua huko aliko. Kisha nikasema haya, nisalimie wote, nikakata simu.

Bosi wangu ni Mmakonde wa bara, Mkristo, mtu mwema, kala pilau kwangu Idi zote. Alikuwa dirishani ananitazama.

"Umemuuliza?"

"Nimemsalimia."

"Nusu saa?"

"Nimemsalimia vizuri."

"Dada," alisema, "nipe namba, nimpigie mimi. Mashine haina aibu. Andika ukweli basi."

Nikamwambia akithubutu kuigusa simu ile naacha kazi leo hii, na ajaze mwenyewe makontena yake yote kwa kile Kireno chake cha kanisani. Akarudi kwenye meza yake. Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo, na nilimjibu hivyo kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Nikakaa mbele ya kompyuta nikafanya ninalowakataza watu wote. Nilikisia. Nilijiambia, sandukuni mna nini zaidi ya kanga, vitenge, mashuka? Na hivyo vingine ambavyo kila mwanamke anavijua, ndiyo niviandike kwenye mfumo, visomwe na wanaume wa bandari mbili? Nikaandika: vitambaa vya pamba, vipya, kwa matumizi ya nyumbani, kifurushi kimoja. Mstari ukageuka kijani. Namba ikatoka. Nikajiona mjanja.

Meli ilikwenda mwendo wake, na bandari yetu ni ya kusini, siku nzima kwa gari ikiwa njia imelala salama. Siku ilipokuja barua ya forodha nilikuwa namfokea muuza simu. Bosi akanigeuzia kompyuta yake. Kifurushi nambari kumi na tisa, sanduku la mbao, njia nyekundu, ya kukaguliwa kwa mkono. Taarifa inasema pamba. Picha inaonyesha chuma kirefu chenye meno, chupa za kioo zilizopangwa safu, na punje ndogondogo ngumu, za mviringo, mamia kwa mamia, ndani ya mfuko wa kitambaa. Mwenye kutoa taarifa afike, sanduku lifunguliwe mbele yake.

Punje ngumu za mviringo, kama za risasi, kutoka ng'ambo, kuja Cabo Delgado. Hata mimi ningelifungua. Hilo ndilo linalonikereketa zaidi, kwamba kila ninapowalaani wale watu nafika hapo nakwama.

Nilisafiri peke yangu. Binti nilimwambia nakwenda kuharakisha kitanda. Njiani tulishuka kwenye vizuizi mara sijui ngapi, tukaonyesha vitambulisho, tukafungua mikoba, tukafunga mikoba. Kila askari aliyechungulia mkoba wangu nilimwona kama anayafanyia mazoezi yanayoningoja.

Ghala lilikuwa kubwa na la joto. Palikuwa na ofisa wa forodha, wasaidizi wake wawili, askari mmoja mwenye bunduki, na wapagazi watatu. Sanduku lilikuwa juu ya meza ya bati katikati, katika shuka yake nyeupe, na fundo la yule mama juu yake, fundo la maua manne wanalofunga wanawake wa kwetu. Nililitambua kwa mbali.

"Naomba ofisa mwanamke," nilisema.

"Leo hayupo, mamã."

"Nitasubiri mpaka kesho."

"Kesho pia hayupo. Hatuna mwanamke kitengo hiki." Alisema kwa upole. Yote aliyafanya kwa upole, na ndiyo maana nilitamani kumzaba kibao. Mtu akikudhalilisha kwa kelele unajua pa kumshika.

Nikasema basi nifungue mwenyewe. Akasema sheria hairuhusu, mimi ndiye niliyetoa taarifa isiyo sahihi. Nikanyoosha mkono angalau nilifungue lile fundo. Msaidizi akaniwahi kwa wembe. Akaipasua shuka toka juu mpaka chini.

Kanga zilitoka kwanza, jozi kwa jozi, na vitenge, na mashuka. Pamba. Nikamwangalia ofisa. Akampa msaidizi ishara ya kichwa, endelea. Ikatoka mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, imezungushiwa taulo, na askari akasogea karibu. Msaidizi akalipapasa lile jino la chuma kwa kidole. "Arma branca?" aliuliza, yaani kama hiyo ni silaha ya kukatia, na mpagazi mmoja akacheka. Nikamwambia ni ya kukunia nazi, mama yako anayo, kamuulize. Zikatoka chupa za marashi na mafuta ya udi, na chetezo cha udongo. Kila kimoja kiliwekwa kwenye meza kando ya rula, kikapigwa picha, kwa sababu mfumo unataka picha.

Zikaja nguo za ndani. Ofisa hakuzishika kwa mkono, sijui aliona ndiyo heshima. Alizinyanyua moja moja kwa ncha ya kalamu. Nguo za kulalia nyepesi, zenye rangi, alizozichagua mama mtu mzima mwenye goti bovu, akizunguka maduka ya Uarabuni kwa ajili ya mtoto wangu. Zikaning'inia kwenye kalamu ile. Picha. Rula. Picha. Mpagazi mmoja, mtu wa pwani kama mimi, aligeuka akaukabili ukuta, akabaki hivyo hadi mwisho. Wengine hawakugeuka.

Kisha ule mfuko. Akaumimina mezani, na punje hatari zikatoka zikiwa zimetungwa, nyeupe, nyekundu, buluu.

"Missangas," alisema, na nikaona mabega ya askari yanashuka. Shanga tu. Nikadhani tumemaliza.

"Za nini, mamã?"

"Za kuvaa."

"Shingoni?"

Nilitazama mlango.

"Sistema inataka matumizi," alisema, kalamu ileile mkononi. "Zinavaliwa wapi?"

Nina miaka arobaini na saba. Nimezaa watoto wanne, nimemzika mume, nimekimbia vita kwa miguu, na sijawahi kutamka mbele ya mwanamume nilichotakiwa kutamka pale. "Kiunoni," nilisema.

Yule mpagazi aliyecheka mwanzo akacheka tena. Ofisa akaandika. Akazinyoosha zile shanga juu ya meza, akapima urefu kwa rula, akapiga picha mbili kwa sababu ya kwanza ilitoka na giza.

"Pronto," alisema, akinipa karatasi nisaini. "Ungeandika hivi tangu mwanzo, mamã, tusingelifungua."

Nilisaini. Kalamu ilikuwa ileile.

Nataka niseme wazi hasira hii ni ya nani, maana nimekaa nayo muda mrefu. Ni ya aliyebuni mfumo unaotaka kujua shanga zinavaliwa wapi, asifikirie mkono wa nani utazishika. Ni ya mkubwa aliyepanga kitengo kizima bila mwanamke hata mmoja, kana kwamba wanawake hawana mizigo. Ni ya yule mwenye wembe. Lakini ningeandika mstari mmoja tu, shanga, marashi, nguo za kike, mbuzi ya nazi, na kontena lile lingepita kama mengine mia niliyoyapitisha. Kazi ninayoijua kuliko mtu yeyote Palma niliiharibu siku ya mwanangu, ili mtu asije akasema naulizia sanduku.

Nilimpigia mkwe wangu nikiwa nje ya geti la bandari. Safari hii sikuuliza goti. Nilimweleza yote, mpaka wembe.

"Nilijua siku ile kwa nini ulipiga," alisema. "Nikasubiri uniulize."

"Si ungeniambia tu!"

"Ningeanzaje? Uje useme najisifia nilivyonunua?"

Nikalia pale barabarani, kwa hasira, magari ya mizigo yananipita. Wanawake wawili wazima, kila mmoja simu sikioni, kila mmoja analijua lililomkaa mwenzake kooni, tukaongea bei ya muhogo.

"Sikiliza, mkwe," alisema baadaye. "Mwambie mtoto. Usimfiche. Akisema hazivai, nitatafuta nyingine, hata kama zitachelewa. Lakini asivae mwilini kitu kilichoshikwa na wanaume bila kujua."

"Nitamwambia," nilisema. Na nilikusudia hivyo.

Sanduku lilifika Palma pamoja na kitanda. Nilinunua shuka nyingine nyeupe, nikalifunga tena, lakini binti yangu si mjinga. Pembeni palikuwa na mkanda wa forodha ulioganda kwenye mbao, nimeukwangua na haukutoka wote. Alinikuta nao chumbani, mchana, siku tatu kabla ya harusi. Alipitisha kidole kwenye ule mkanda.

"Limefunguliwa," alisema.

"Limekaguliwa. Siku hizi yote yanakaguliwa."

"Mama." Alikuwa amesimama wima, kama anavyosimama mbele ya darasa lake. "Walilifungua wanaume?"

Nilikuwa na maneno yote. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeyapanga. Nikamtazama usoni, nikaona kile ambacho angekibeba siku ya kwanza ya ndoa yake, kile kicheko, ile kalamu. Nikaona pia, na hili silisemi kwa kujitetea, kwamba angeuliza ilikuwaje, na jibu lingekuwa mimi.

"Mwanamke," nilisema. "Mmoja tu, mtu mzima. Alivaa glavu. Akatazama juujuu, akafunga."

Alishusha pumzi ndefu mpaka mabega yakalegea. Akanikumbatia. Akasema, "Alhamdulillahi, mama, niliogopa."

Siku ya harusi sanduku lilibebwa na wanawake, likafunguliwa milango imefungwa, na kila kilichotoka kilipigiwa vigelegele, na vya kwangu vilisikika kuliko vya wote. Shanga zilipotoka zilipokelewa kwa shangwe kubwa. Jioni ile alizivaa. Anazivaa hadi leo. Mkwe wangu hajaniuliza kama nilimwambia, nami najua anasubiri nianze.

Mimi nimerudi kazini, nawafokea watu waandike kilichomo kweli. Ghalani pale hapakuwa na mwanamke ila mimi.